Colombo: Bandari Iliyogombewa

Natumaini nyote mmekwisha kaa, taa inawaka, na mwalimu wenu ametundika ramani ukutani. Na wewe usiyesikia kipindi hiki redioni, bali unakisoma katika karatasi hizi, karibu vilevile. Soma polepole. Pakiwa na neno gumu, simama, ulisome mara ya pili, kisha uendelee.

Leo tutasafiri kwa kidole. Weka kidole chako juu ya Mombasa. Sasa kipeleke mashariki, ukielekea kaskazini kidogo. Uvuke bahari yote ya Hindi, maili zaidi ya 2,000. Utafika kisiwa kimoja chenye umbo la tone la maji, chini ya Bara Hindi. Kisiwa hicho huitwa Sri Lanka. Kabla ya mwaka 1972 kiliitwa Ceylon, na Waarabu wa zamani walikiita Sarandibu. Upande wake wa magharibi, ule unaotutazama sisi, uko mji wa Colombo. Bandari ya mji huo ndiyo somo letu la leo.

Pengine mmoja wenu ananung'unika: "Sisi tuna haja gani na bandari ya watu wengine?" Ni swali la haki. Nivumilie kidogo, nami nitakujibu kabla ya kipindi kwisha.

Mji wa pepo mbili

Ninyi wa pwani mnazijua pepo mbili kuu za bahari yetu, kaskazi na kusi. Kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvirudisha. Basi upepo ule ule wa kusi unaotoka kwetu huvuka bahari na kufika Ceylon, nao huipiga pwani ya Colombo kutoka kusini-magharibi, kwa mvua na mawimbi makubwa. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Kwa pepo hizo wafanya biashara walifika Colombo tangu zamani sana. Walifuata mdalasini, vito na pembe. Mwaka 1331 msafiri mmoja wa Moroko aitwaye Ibn Battuta alitembelea Mombasa na Kilwa. Mwaka 1344 msafiri huyo huyo alifika Ceylon, akauona mji wa Colombo, akausifu kuwa ni mmojawapo wa miji mizuri na mikubwa ya kisiwa kile. Tena aliandika kwamba mkubwa wa bahari wa mji ule alikuwa na Wahabeshi kama 500 pamoja naye.

Je, umeona? Wahabeshi ni watu wa Afrika. Walikuwapo Colombo zaidi ya miaka 150 kabla ya Mzungu wa kwanza kutia nanga pale.

Wareno na Waholanzi

Mzungu huyo wa kwanza alikuwa Mreno. Wareno mnawajua. Ndio waliopita Malindi mwaka 1498, na ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Huko Ceylon walifika mwaka 1505, na mwaka 1518 wakajenga ngome Colombo. Walitaka mdalasini. Siku zile mdalasini mzuri kuliko wote ulitoka Ceylon, na huko Ulaya uliuzwa kwa bei kubwa. Aliyeishika bandari ya Colombo aliushika mdalasini, na aliyeushika mdalasini alitajirika.

Ndani ya kisiwa, katika milima, ulikuwako ufalme wa Kandy. Wafalme wake walipigana na Wareno miaka mingi, lakini hawakuwa na merikebu za kuwafukuza pwani. Basi Mfalme Rajasinha wa Pili akafanya shauri na Waholanzi, maadui wa Wareno. Shauri lilikuwa hili: Waholanzi walete merikebu na mizinga, naye mfalme atawalipa kwa mdalasini. Mwishoni mwa mwaka 1655 Waholanzi waliizingira ngome ya Colombo. Miezi kama saba watu waliokuwa ndani waliteswa na njaa na maradhi. Mwezi wa Mei, mwaka 1656, Wareno wakasalimu amri.

Mfalme alitazamia kupewa mji wake. Waholanzi walifunga malango, wakakaa wao. Ndipo Wasinhala, wenyeji wa kisiwa, wakawa na msemo wao kwamba wametoa tangawizi wakapata pilipili. Sisi tungesema wameruka mkojo wakakanyaga mavi. Misemo hii miwili ilizaliwa mbali na kila mmoja, lakini maana yake ni moja.

Waholanzi walikaa Colombo miaka 140. Walijenga nyumba za mawe na ghala, wakapanga barabara zilizonyoka. Nani aliyebeba mawe hayo? Wengi walikuwa watumwa, na kati yao walikuwamo Waafrika walioletwa na Wareno, na wengine walioletwa na Waholanzi wenyewe. Mchana walifanya kazi mjini. Jioni walipelekwa mahali palipozungukwa na maji ya ziwa, wasiweze kutoroka usiku. Kwa muda mrefu sana mtaa huo uliitwa kwa Kiingereza Kisiwa cha Watumwa. Wenyeji huuita Kompannavidiya. Siku hizi pana maduka na majumba marefu. Mtu akipita pale bila kujua historia, hawezi kufikiri kwamba anakanyaga mahali walipolala watu waliofungiwa kama mifugo.

Waafrika hao hawakupotea wote bila alama. Mpaka leo, karibu na mji wa Puttalam, kaskazini mwa Colombo, wanaishi watu wachache ambao ni wa uzao wa Waafrika. Wamesahau lugha za babu zao, lakini hawakusahau ngoma.

Waingereza na ukuta wa bahari

Mwezi wa Februari, mwaka 1796, zamu ikawa ya Waingereza. Wao waliichukua Colombo kwa Waholanzi bila vita kubwa. Mwaka 1815 wakautwaa na ufalme wa Kandy, na kisiwa chote kikawa mikononi mwao.

Sasa haja haikuwa mdalasini tena. Waingereza walifyeka misitu ya milimani, wakapanda kahawa. Wakaleta vibarua Watamil kutoka kusini ya Bara Hindi kufanya kazi mashambani. Mwaka 1867 reli kutoka Colombo ilifika Kandy ili kushusha kahawa mpaka baharini. Lakini tangu mwaka 1869 ugonjwa wa majani uliingia katika mikahawa, na kwa muda wa miaka michache ukaiharibu karibu yote. Mahali pake pakapandwa chai. Chai hiyo ndiyo iliyofanya jina la Ceylon lijulikane katika kila jiko la dunia.

Hapo ndipo tunaurudia ule upepo wa kusi. Bandari ya Colombo ilikuwa wazi mbele yake. Kila mwaka kusi ilipovuma, merikebu hazikukaa salama. Meli kubwa za barua zilipendelea bandari nyingine iitwayo Galle, iliyo kusini. Lakini mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na meli zikazidi kuwa nyingi katika njia ya kwenda mashariki. Waingereza wakaamua kuujenga ukuta mkubwa ndani ya bahari, uzuie mawimbi yasiingie bandarini.

Jiwe la kwanza liliwekwa na mwana wa Malkia Victoria mwezi wa Desemba, mwaka 1875. Ukuta ulimalizika mwaka 1885. Urefu wake ulikuwa zaidi ya futi 4,000. Tangu hapo Colombo ikawa mojawapo ya bandari kubwa za Asia. Meli za kwenda Australia, China na Singapore zilisimama pale kutia makaa ya mawe na maji.

Jina la mwana wa malkia limeandikwa vitabuni, naye aliweka jiwe moja tu, tena la sherehe. Mawe mengine, maelfu kwa maelfu, yalichongwa na wafungwa katika machimbo ya Mahara, nje ya mji. Majina ya wafungwa hao hayatajwi. Lakini ukuta wao bado unasimama, na kila mwaka kusi huupiga.

Pasaka ya mwaka 1942

Sasa tufike kwenye vita kuu ya pili. Mwezi wa Februari, mwaka 1942, Wajapani waliiteka Singapore. Mwezi wa Machi wakaiteka Rangoon, mji mkuu wa Burma, nchi ambayo askari wetu waliiita Bama. Kila mtu aliuliza: zamu ya nani sasa? Colombo ilikuwa mlango wa Bahari ya Hindi. Mlango huo ukivunjwa, meli za kupeleka askari na mafuta zitapita wapi?

Jumamosi tarehe 4 Aprili, ndege moja iliyoongozwa na Mkanada, Leonard Birchall, ilikuwa inapeleleza kusini mwa kisiwa. Rubani aliona manowari nyingi za Kijapani zikija. Alipeleka habari kwa redio. Kabla hajamaliza, ndege yake ilipigwa ikaanguka baharini, naye akafanywa mfungwa mpaka mwaka 1945. Lakini habari ilikwisha fika.

Asubuhi ya pili ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Ndege za Kijapani zaidi ya 100 zilitokea juu ya Colombo. Kwa sababu ya onyo lile, meli nyingi zilikuwa zimekwisha toka bandarini. Hata hivyo meli mbili za vita, Tenedos na Hector, zilizamishwa pale pale bandarini, na viwanda vya kutengenezea meli na reli vilipigwa. Siku ile ile, mbali baharini, Wajapani walizizamisha manowari mbili kubwa za Waingereza, Cornwall na Dorsetshire. Watu 424 walikufa. Siku nne baadaye walipiga Trincomalee, bandari ya mashariki ya kisiwa.

Waingereza waliona hatari, wakaziondoa manowari zao Ceylon. Wakazipeleka wapi? Rudisha kidole chako kwenye ramani. Walizipeleka Kilindini! Mombasa ikawa makao makuu ya manowari za Bahari ya Hindi, mpaka mwaka 1943 yaliporudishwa Ceylon. Hivyo kishindo cha mabomu ya Colombo kilifika mpaka kwetu.

Meli isiyofika

Sasa nalijibu lile swali la mwanzo: sisi tuna haja gani na Colombo?

Wajapani hawakurudi tena kuiteka Ceylon. Lakini kisiwa kilihitaji walinzi, na Burma ilihitaji kukombolewa. Askari wa Afrika Mashariki walianza kupelekwa Ceylon mwaka 1942. Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na nchi nyingine jirani. Watu wa makabila mengi walikaa hema moja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Walifundishwa vita vya msituni, kisha mwaka 1944 wakaenda Burma, wakapigana katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali.

Mwanzoni mwa mwezi wa Februari, mwaka 1944, msafara wa meli tano za kuchukulia askari uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa kikosi kimoja cha mizinga cha Afrika Mashariki, Waafrika pamoja na maofisa wao Waingereza. Walikuwamo pia mabaharia, na wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi. Si ajabu kwamba baadhi ya askari wetu walikuwa hawajapata kuiona bahari kabla ya kufika Kilindini.

Jumamosi tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, walikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Zilibaki siku chache tu wafike Colombo. Watu wengi walikuwa chini, ndani ya meli. Nyambizi ya Kijapani, yaani manowari inayokwenda chini ya maji, iliwavizia. Ilifyatua topido, na mbili ziliipiga Khedive Ismail. Meli ile ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Ndugu, dakika mbili hazitoshi hata kupanda ngazi na kutoka nje. Watu 1,297 walikufa. Waliopona walikuwa 214 tu.

Na hapa pana jambo zito, nami sitawaficha. Manowari mbili za Waingereza, Paladin na Petard, zilikuwa zinaulinda msafara. Watu walikuwa wakielea majini, wameshika mbao, wakiita. Nyambizi ilikuwa bado chini yao, nayo iliweza kuizamisha meli nyingine yenye askari maelfu. Ili kuipiga, ilikuwa lazima kutupa mabomu ya kulipukia ndani ya maji, karibu na wale waliokuwa wakielea. Mabomu yalitupwa. Baadhi ya watu waliookoka katika meli waliuawa na mabomu hayo. Mwishowe nyambizi ilizamishwa.

Je, nahodha alifanya haki? Mimi sitawaamulia. Watu wamebishana juu ya jambo hili tangu siku ile, na ninyi mna haki ya kubishana. Lakini mkibishana, msisahau wale waliokuwa majini. Hawakuulizwa kama wanataka kwenda Colombo kulinda mlango wa dola ya wengine. Wengine waliandikwa jeshini kwa hiari, wengine kwa kushurutishwa.

Nani mwenye bandari?

Tarehe 4 Februari 1948 bendera ya Waingereza ilishushwa Ceylon. Bandari iliyogombewa tangu zamani za Wareno ikarudi kwa wenyeji. Leo Colombo hupokea meli kubwa za makontena kutoka pande zote za dunia. Mtaa wa katikati ya mji huitwa Fort, yaani Ngome, ingawa kuta za ngome zilibomolewa karibu na mwaka 1870.

Tazama tulivyopita. Wareno walisema bandari ni yetu. Waholanzi wakasema ni yetu. Waingereza vilevile. Wajapani waliitaka. Na kila mara watu wengine walibeba mzigo: mtumwa wa Kiafrika aliyelala katikati ya ziwa, kibarua Mtamil, mfungwa wa Mahara, askari wa mizinga wa Khedive Ismail. Hao hawakuimiliki Colombo hata siku moja. Lakini bila wao hapangekuwa na nyumba, wala ukuta, wala ushindi.

Katika makaburi ya vita ya Nairobi upo ukumbusho wa waliopotea na meli ile. Na huko Kandy, milimani, ambako treni ya Colombo hupanda, yako makaburi madogo ya vita yenye watu kama 200. Kati yao, 35 ni askari wa Afrika Mashariki. Nyasi hukatwa vizuri, na kila mtu ana jiwe lake.

Lakini jiwe haliwezi kusema mtu huyo alipenda chakula gani, alimwacha nani nyumbani, wala aliimba wimbo gani kambini. Habari hizo wanazo watu wa nyumbani kwake, nazo hupotea mzee mmoja baada ya mwingine. Basi wiki hii nawapa kazi. Ulizeni katika ukoo wenu: je, yuko babu aliyekwenda Ceylon au Bama? Aliitwa nani? Alitoka kijiji gani? Alirudi, au hakurudi? Liandike jina lake katika daftari lako kwa mkono wako mwenyewe. Kama herufi hazijanyoka, si kitu. Hiyo nayo ni historia, na mwandishi wake ni wewe.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini Wareno na Waholanzi waliigombea bandari ya Colombo?
2. Ukuta wa bahari ulimalizika mwaka gani? Ulizuia nini?
3. Baada ya mabomu ya Pasaka ya mwaka 1942, manowari za Waingereza zilihamia bandari gani ya kwetu?
4. Ungekuwa wewe nahodha wa manowari siku ile ya tarehe 12 Februari 1944, ungefanya nini? Mseme wote kwa zamu, na kila mtu atoe sababu yake.

Maneno ya kuandika ubaoni: ngome, mdalasini, kuzingira, msafara, nyambizi, ukumbusho.